Sindano za Umeme kwa Moyo wa Shangazi

4 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mezani kwetu. Kwetu! Hebu lisome tena neno hilo, mimi nimelisema asubuhi nzima. Tuna meza moja, viti viwili, vikombe viwili na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, na nakuapia hakuna ukuta mzuri kama ule duniani. Hii ni wiki ya tano tangu harusi, na bado nikisikia ufunguo mlangoni moyo unaniruka kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Baba na Mama wazima kabisa, wanakusalimu sana. Mama amenunua viatu vinavyombana na anavivaa hivyo hivyo kwa sababu Baba alimwonya dukani. Gauni ulilonishonea nimelitundika ukutani, sikuliweka kabatini. Mume wangu anasema chumbani tunaishi watatu: yeye, mimi na gauni.

Siku ya harusi uliniuliza mbele ya watu, "Huyu kijana hasa anafanya kazi gani?" nami nikacheka tu, maana nilikuwa sijaelewa vizuri. Sasa naelewa! Kazini wanamwita Taratibu, kwa kuwa hajawahi kukimbia hata lifti ikiwa inajifunga. Yuko hospitali kubwa, idara ya upasuaji wa moyo. Siku tano kabla mgonjwa hajapasuliwa, yeye humchoma sindano mikononi na kifuani, anaunganisha waya, kisha anawasha umeme, nusu saa kila siku. Kazi yake ni kulinda mioyo ya watu, Shangazi! Na wangu anao mfukoni!

Jumapili nimekupigia simu mara nne hukupokea. Najua kelele za cherehani. Basi niandikie, nami nitaibusu barua yako.

Wako mwenye furaha kupita kiasi,
mtoto wa kaka yako

21 Machi

Bi Arusi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma hapa dukani, kisha Mama Vifungo akaacha cherehani yake, akainyakua akaisoma kwa sauti mbele ya wateja wawili. Alipofika kwenye mfuko wenye moyo, mteja mmoja alikohoa. Punguza, mwanangu. Si kwamba sifurahi. Nafurahi nikiwa nimefunga macho.

Huku tuko salama. Paka wa jirani amezalia kwenye kapu la vitambaa, kwa hiyo sare za kwaya zitachelewa. Mwambie mama yako avitie viatu magazeti yenye unyevu, vikae siku mbili.

Sasa kuhusu huyo mumeo. Umeniandikia kwamba huwachoma watu kifuani kisha anawawashia umeme. Nimesoma mara tatu nikidhani miwani yangu ndiyo mbovu. Mama Vifungo akaniuliza, "Huyo ni tabibu au ni askari?" Nikamjibu kwamba harusini alionekana mpole, alimpisha kila mtu mlangoni. Mwanangu, kinachochomwa ni nyama. Mtu akichomwa na umeme tunapiga kelele, tunamwita fundi azime swichi. Wewe umeolewa na anayewasha, na unacheka?

Simu ni ya watu wenye haraka. Kwenye barua mtu anapumua anapotaka.

Kazi ipo. Meza ya kukatia nimeishusha kutoka ghorofani, kwa sababu huku chini mwanga ni mzuri zaidi.

Shangazi yako

(Mwanga wa huku chini ni mbaya. Kaishusha meza kwa sababu ngazi ni kumi na mbili naye anazipanda kwa vituo viwili, mkono kifuani. Naandika wakati anatafuta bahasha. Mama Vifungo.)

29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama ametia magazeti, viatu vimelegea, na sasa Baba ndiye amenuna. Mimi ni mzima na bado nina furaha, lakini furaha hiyo leo imekaa pembeni kidogo imenipisha niandike.

Kwanza nimsafishie jina mume wangu. Kosa ni langu, nilikuandikia kama mtu anayekimbia. Hachomi mtu kwa moto! Anachomeka sindano. Ni nyembamba kuliko ile yako ya shanga, haina dawa ndani, inaingia na kukaa tu. Umeme wenyewe unatoka kwenye betri ndogo, mtu anausikia kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Nimemsomea barua yako, akacheka mpaka akamwaga chai kwenye shati lake jeupe, na alivyopendeza na lile doa!

Ila chini ya barua yako kulikuwa na mwandiko mwingine. Nao nilimsomea. Hapo hakucheka. Aliniuliza taratibu, kama jina lake, "Miguu yake inavimba? Analala na mito mingapi?" Nimelelewa na wewe kila likizo kwa miaka kumi, Shangazi, na sijui unalala na mito mingapi.

Halafu nikakumbuka simu. Tangu harusi hujapokea hata moja. "Kwenye barua mtu anapumua anapotaka." Nimeusoma mstari huo nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa chini.

Niandikie kweli. Ukiandika mambo ya paka nitapanda basi nije.

Mwanao

12 Aprili

Bi Arusi,

Marahaba. Usipande basi.

Watoto wa paka ni wanne, nimeanza nao makusudi. Mama Vifungo nimemnunia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Endelea tu, kununa hakuhitaji pumzi," nikacheka, na kwa kucheka nikaishiwa pumzi kweli, akashinda yeye.

Nalala na mito mitatu. Miguu inavimba jioni. Daktari wa huku alinipima akasema kilango kimoja cha moyo kimekakamaa, hakifunguki vizuri, kinatakiwa kitolewe kiwekwe kingine. Nilijua mwezi mzima kabla ya harusi yako. Gauni lilikuwa bado halijawekwa mikono. Ungetaka nifanye nini, nikuambie halafu ulie juu ya kitambaa cheupe?

Jibu nililompa daktari ni hapana, na wewe nakupa hilo hilo. Si kisu ninachoogopa. Nimeshika mkasi maisha yangu yote. Aliniambia kwamba ili wakishone kile kilango lazima wausimamishe moyo, kama saa moja na zaidi, mashine ikiusaidia mwili. Mwanangu, moyo wangu haujasimama hata dakika moja tangu nizaliwe, haujui kusimama. Anayeusimamisha anajuaje kama utakubali kuondoka tena, kuanza kupiga?

Basi. Tuongee mengine. Huyo Taratibu ameshajua kutandika kitanda?

Shangazi yako

20 Aprili

Shangazi wangu,

Shikamoo. Anatandika kama anafunga bahasha, pembe zote nne. Nyumbani wote wazima. Nimelia, nimenawa uso, sasa naandika.

Swali lako nilimuuliza yeye, jana asubuhi, kabla hajamaliza kufunga vifungo vya shati.

"Anauliza, moyo ukisimamishwa utajuaje kuondoka tena?"

Akakaa. "Swali zuri kuliko maswali ya wanafunzi wetu," akasema. "Mwambie karibu mioyo yote huondoka. Ila shangazi yako ana haki ya kuogopa kitu kimoja. Moyo ukisimama unakosa damu, na damu ikirudi kwa ghafla misuli inaumia kidogo. Wakati mwingine si kidogo."

"Na sindano zako?"

"Tunachojaribu ni kuutikisa moyo mapema. Siku tano, nusu saa, kidogo kidogo, ili mwili uwe umeshajiandaa siku ile ikifika. Tunapima damu baadaye tuone misuli imeumia kiasi gani."

"Inafanya kazi?"

Shangazi, hapo ndipo nilipompenda upya. Mwanaume mwingine angejisifu. Yeye alisema, "Inaonekana inasaidia. Hatuna hakika bado, ndiyo maana tunafanya utafiti. Nusu ya wagonjwa wanapata umeme, nusu wanachomekwa sindano na mashine haitoi kitu. Kura ndiyo inayoamua, na mgonjwa haambiwi mpaka mwisho. Upasuaji ni ule ule kwa wote." Akaongeza kwamba wewe hataruhusiwa kukugusa, kwa kuwa ni ndugu.

Jambo moja litakufurahisha. Hawatumii tepu! Sehemu ya kuchomeka mkononi inapimwa kwa vidole vya mgonjwa mwenyewe: vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo, katikati ya zile kano mbili. Kila mtu kwa kipimo chake. Nikampima yeye kwa vidole vyangu, akasema nimekosea, vinatakiwa vyake. Nikamwambia vyote ni vyangu.

Sikubembelezi. (Nakubembeleza.)

Mwanao

3 Mei

Bi Arusi,

Marahaba. Mstari wa mwisho kuhusu vidole nimemficha Mama Vifungo. Sare za kwaya zimekwisha, wameimba wakiwa wamezivaa, na mwimbaji mmoja vifungo vimemruka kwenye sauti ya juu. Si kosa letu. Alinenepa kati ya kupimwa na kuimba.

Nimefikiri kuhusu mumeo. Kitambaa cha pamba kikija kutoka dukani, fundi mjinga anakikata siku hiyo hiyo. Nguo inapendeza, mteja anaondoka, anaifua mara moja, anarudi nayo imekuwa ya mtoto. Fundi mwenye akili anakiloweka kwanza. Kinajikunja mapema, kinamaliza ukaidi wake kwenye beseni, ndipo anakikata. Baada ya hapo ukifue utakavyo, hakishtuki.

Huo ndio utafiti wao? Kuuloweka moyo? Mbona hakusema hivyo tangu mwanzo? Miaka thelathini nimeloweka pamba na hakuna aliyenipa koti jeupe.

Nimejipima. Vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo, katikati ya kano mbili, panabonyea. Nimempima Mama Vifungo, panabonyea pia. Nimempima mteja wa suruali, akauliza kama suruali yake itakuwa na mikono.

Nimekuchorea mkono wangu wa kushoto kwenye karatasi ya kukatia, nimeukunja humu ndani. Ni kwa ajili ya elimu ya mumeo tu. Sijasema ndiyo.

Uniulizie wanapokea wagonjwa wapya lini.

Shangazi yako

16 Juni, wodini, kitanda cha tatu

Bi Arusi mwenye mafua,

Kwanza pole. Umenisubiri kituoni na maua, umenikumbatia, umepiga chafya, na sasa wamekupiga marufuku kuingia wodini mpaka upone. Mama Vifungo angekuwa hapa angesema ni furaha imekupanda puani. Kwa hiyo tuko mji mmoja na bado tunaandikiana. Mumeo anabeba barua kama tarishi, na kila akitoka ananiambia, "Shangazi, nisome au nisisome?" Namwambia asome, asichukue muda mwingi.

Wodi ni safi, ina vitanda vinne na pazia la kijani lililopindwa vibaya. Nimeomba uzi. Wamekataa.

Leo ilikuwa siku ya nne ya sindano. Anayenichomeka ni dada mmoja mwenye miwani, mkono wake mwepesi sana, ningemwajiri kesho. Aliniwekea vidole vyangu mwenyewe kwenye kifundo, akapata mahali, na sindano ikaingia kama kwenye hariri. Mbili mikononi karibu na kifundo, mbili juu yake kidogo, mbili kifuani chini ya bega. Mashine ni ndogo kama redio ya jikoni, ina waya na taa ya kijani inayokonyeza.

Mwanangu, nimepata umeme! Najua hawatwambii, lakini mimi si mtoto. Nausikia unapita mpaka kwenye kiwiko, unatekenya, unarudi. Mama wa kitanda cha pili kidole gumba chake kinacheza chenyewe mashine ikiwaka. Changu hakichezi. Wangu unapita ndani zaidi.

Kesho kutwa saa mbili asubuhi. Kunywa maji ya moto. Usijifunike uso ukilala.

Sina la kuongeza.

Shangazi yako

18 Juni

Shangazi,

Shikamoo, hata kama husikii. Saa mbili na nusu. Baba na Mama wapo hapa kwetu, wamekalia viti vyote viwili. Mimi niko sakafuni na leso. Taratibu amesimama nje ya chumba cha upasuaji, haruhusiwi kuingia, lakini amesema atasimama.

"Sina la kuongeza," uliandika. Nimeisoma mara nyingi. Mtu anayeweza kuandika ukurasa mzima kuhusu pazia.

Saa tano. Mama ameosha vyombo visafi. Baba amemwambia akae, akakaa, akainuka akaviosha tena.

Saa sita. Nimejaribu kumpenda mume wangu kwa mbali ili nipitishe muda. Imesaidia dakika kumi.

Saa nane na robo. Simu! Shangazi, simu imelia, ni yeye, na sauti yake haikuwa taratibu hata kidogo.

"Unapiga!" akasema.

"Nani anapiga?" nikauliza, nikidhani kuna mtu mwingine kwenye laini.

"Moyo! Unapiga! Wameachia damu, umetulia kidogo, halafu ukaanza wenyewe. Hawakuushtua. Umeanza wenyewe!"

Nimepiga kelele, Baba akaniuliza "Nini?" nikasema "Unapiga!" Mama akasema "Nani kampiga?" na kwa dakika nzima watu watatu tulipigiana kelele bila kuelewana, mpaka Baba akafunika uso kwa mikono. Sijawahi kumwona kaka yako hivyo. Sasa anajifanya ana mafua yangu.

Mwanao, mwanao, mwanao

24 Juni

Bi Arusi,

Nipo.

Naandika nimelala, usiseme mwandiko wangu umekuwa wa Mama Vifungo. Kifua kinauma nikicheka, kwa hiyo mumeo asiniletee tena barua yako ya juzi. Nimepanda ngazi sita na dada wa mazoezi. Alitaka tupumzike. Nikamuuliza kwa nini.

Kaka yangu amekuja. Alinikata kucha.

Pazia wameniruhusu.

Shangazi yako

8 Novemba

Shangazi wangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, mno. Tumenunua kiti cha tatu, kwa ajili yako, na Taratibu amekipaka rangi ile ya ukuta wa jirani kwa sababu nilisema naipenda. Umeona mtu? Baba anasema kila akikupigia simu unamaliza kuongea yeye akiwa bado anahema. Mama Vifungo naye ameniandikia kwamba meza ya kukatia imerudi ghorofani na kwamba unazipanda zile ngazi ukiimba, na hujui kuimba.

Anasema pia kwamba mtaa mzima umeshahadithiwa kuhusu umeme. Kwamba mteja akija kupimwa unamwonyesha kifundo cha mkono na kumwambia, "Ulipita hapa, ukaingia mpaka moyoni, ndiyo maana moyo uliondoka wenyewe." Kwamba kuna watu watatu wamekuja kwako kuuliza kama unachomeka.

Kwa hiyo barua hii nimeianza mara nne.

Utafiti umekwisha, Shangazi, na wamefungua zile kura. Taratibu ana furaha kubwa, kwa sababu waliopata umeme, damu yao ilionyesha misuli ya moyo imeumia kwa kiasi kidogo kuliko ya wengine. Mkuu wake anasema watu bado ni wachache, wataendelea na wengine zaidi. Alirudi nyumbani akikimbia! Nilimsikia kwenye ngazi nikadhani ni mwizi!

Kila mgonjwa ana haki ya kujua alikuwa kundi gani, na wewe ulijaza fomu kwamba unataka. Aliyetakiwa kukuandikia ni hospitali. Nimewaomba niandike mimi. Nimemuuliza Taratibu niliseme vipi, akasema, "Taratibu." Nimemrushia mto.

Shangazi, mashine yako haikutoa kitu. Taa tu. Siku zote tano.

Usinichukie. Usimchukie. Nakupenda kuliko gauni.

Mwanao

19 Novemba

Bi Arusi,

Marahaba. Hapa wazima, paka wanne wamepata watu wa kuwachukua, na kiti changu kisiguswe na mtu.

Barua yako niliisomea ghorofani. Nikaisoma mara moja, nikavua miwani, nikakaa. Mama Vifungo aliposikia nimeacha kuimba akapanda mbio akidhani yamekuwa mengine. Nikampa asome mwenyewe. Alipofika kwenye taa alikaa chini kabisa, juu ya vitambaa, akacheka mpaka akashika ubavu. "Unapita mpaka kwenye kiwiko!" anasema. "Unatekenya, unarudi!" Tangu siku hiyo kila mteja akiingia Mama Vifungo ananikonyeza kama ile taa.

Nimewaza sana, mwanangu. Nililoweka kitambaa kwenye beseni lisilo na maji, na bado hakikupungua. Kwa hiyo usilie. Ule moyo nilioogopa hautajua kuondoka umeondoka wenyewe, bila kusukumwa, bila hata kutekenywa. Sikujua kama ninao wa namna hiyo. Nimekuwa nikiudharau.

Lakini nawafikiria wale wengine. Kama mimi niliyepewa taa tu napanda ngazi kumi na mbili nikiimba, huyo mama wa kitanda cha pili si atakuwa anaruka kuta?

Mwambie mumeo simchukii. Amesema kweli tangu siku ya kwanza, na kazi yao waifanye mpaka mwisho, kwa watu wengi, wasijisifu mapema. Tarehe mbili nakuja kupimwa kilango. Nikifika nataka kumwona dada yule wa miwani, nimemshonea koti. Na kama utafiti wao umekwisha na sheria haikatazi tena, Taratibu aichukue ile mashine, anikalishe kwenye kiti changu, anipime kwa vidole vyangu, achomeke.

Safari hii aiwashe.

Shangazi yako